Makabaila Waliokimbilia Misitu ya Pennsylvania

Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, mjini Versailles, kijana wa miaka 33 alisimama mbele ya Bunge la Taifa la Ufaransa akapendekeza jambo lililowashtua wengi wa tabaka lake. Alitaka haki za kimwinyi ziondolewe, kodi ilipwe na kila mtu kwa kadiri ya mapato yake, na shokoa waliyotozwa wakulima ikomeshwe bila fidia. Jina lake Louis-Marie de Noailles, cheo chake vikonti. Wenzake wakamfuata mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitoa sadaka ya haki fulani ya ukoo wake, wengine wakilia kwa msisimko, na kabla hapajapambazuka mfumo uliodumu karne nyingi ulikuwa umeporomoka.

Noailles mwenyewe hakuwa na mengi ya kupoteza. Alizaliwa mtoto wa pili katika ukoo mkubwa ambamo mashamba yalimwendea wa kwanza, na wenzake wakimtania kwa jina la "Jean asiye na ardhi". Miaka 4 baada ya usiku ule, mtu huyo asiye na ardhi alikuwa Marekani akiuza ardhi: viwanja vya mji mpya katikati ya msitu, vilivyokusudiwa makabaila wenzake waliokuwa wakiikimbia gilotini.

Habari za makabaila wa Ufaransa waliovuka Atlantiki miaka hiyo husimuliwa mara nyingi kwa huruma. Wanawake waliozoea hariri walijifunza kukamua ng'ombe, na wanajeshi wenye nishani wakauza vitambaa dukani. Huruma hiyo ina msingi, kwa sababu wengi wao walikuwa wamefiwa na karibu kila mtu waliyempenda. Lakini aghalabu hawakuja peke yao, na fedha iliyowavusha bahari ilikuwa imechumwa na jasho la wengine. Katika merikebu hizohizo walikuwamo watu ambao hawakuwa na cheo cha kupoteza, kwa kuwa wao wenyewe walihesabiwa kuwa mali. Habari hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Uhamisho uliwavua makabaila vyeo vyao, ila haukuwavua wote mazoea ya kuwa na watu chini yao.

Walioondoka mapema, tangu Julai 1789, hawakwenda mbali. Walivuka mpaka hadi Turin, Koblenz au London, wakiamini kwamba ghasia zingetulia baada ya miezi michache nao wangerudi majumbani. Badala yake, tarehe 19 Juni 1790 Bunge lilifuta ukabaila wa kurithi pamoja na ngazi zake zote za duki, markizi, konti na vikonti. Vita vilipoanza mwaka 1792, sheria zikawa kali: mali ya aliyehama ilitaifishwa na kuuzwa, na akithubutu kurudi, adhabu yake ni kifo. Katika muda wa miaka kumi zaidi ya watu laki moja waliihama Ufaransa. Wengi wao hawakuwa makabaila. Walikuwa mapadri, askari, mafundi, wafanyabiashara na wakulima. Waliochagua Marekani walikuwa sehemu ndogo, kwani safari ilichukua miezi miwili au zaidi, nauli ilikuwa kubwa, na huko mwisho wa safari palikuwa na nchi changa ambayo Wafaransa wachache sana waliifahamu.

Kutofahamu huko kulikuwa na bei yake. Mwaka 1789 mawakala wa Kampuni ya Scioto, Mmarekani Joel Barlow na Mskoti William Playfair, walifungua ofisi Paris wakawauzia watu mashamba kando ya mto Ohio. Waliyasifia kama peponi. Mamia ya Wafaransa walinunua, miongoni mwao markizi de Lezay-Marnésia, wengi wao wakiwa mafundi wa vitu vya anasa ambavyo havina mnunuzi porini: wachongaji, watengeneza saa, watengeneza mawigi. Walipotia nanga Alexandria, Virginia, mwaka 1790, waligundua kwamba kampuni haikuwahi kuimiliki ardhi iliyowauzia. Walioamua kuendelea na safari walifika Oktoba wakakuta vibanda vya magogo vilivyojengwa kwa haraka mahali walipopaita Gallipolis, mji wa Wagalia. Lezay-Marnésia alirudi kwao upesi. Ilibidi wangoje hadi 1795 ndipo Bunge la Marekani likawapa walionusurika ekari 24,000 kama fidia.

Noailles alikuwa na nafuu: yeye aliijua Marekani. Alipigana huko katika vita vya uhuru, na mwaka 1781 alikuwa mmoja wa maofisa waliojadili masharti ya Waingereza kusalimu amri Yorktown. Markizi de Lafayette, kipenzi cha Wamarekani, alikuwa shemeji yake. Wake zao walikuwa ndugu. Alipofika Philadelphia mwaka 1793 milango ya matajiri ilimfungukia. Akiwa pamoja na Antoine Omer Talon, hakimu wa zamani aliyekuwa mtumishi wa siri wa mfalme, alimwendea Robert Morris, mfanyabiashara aliyegharimia mapinduzi ya Marekani, na mwenzake John Nicholson. Wote wawili walikuwa walanguzi wa ardhi wakubwa kuliko wote nchini, na walikuwa na hamu ya kupata wanunuzi.

Mahali palipochaguliwa ni kwenye kona pana ya mto Susquehanna, kaskazini mwa Pennsylvania. Palitengwa ekari 1,600 zikapimwa kwa mistari iliyonyooka kama ramani ya mji wa Ufaransa: viwanja zaidi ya 400, karibu nusu ekari kila kimoja, barabara pana, na uwanja wa soko katikati. Mji uliitwa Azilum, yaani kimbilio. Vifaa vilitoka Philadelphia kwa magari ya farasi, kisha vikapanda mto kwa mashua zilizosukumwa kwa mipondo dhidi ya mkondo. Kufikia majira ya kuchipua ya 1794 nyumba kama 30 zilikuwa zimesimama. Kuta zake zilikuwa za magogo yaliyochongwa vibaya, kama za walowezi wengine wote wa mpakani, ila ndani zilibandikwa karatasi za mapambo, na madirisha yalikuwa na vioo, jambo ambalo majirani Wamarekani walilitazama kwa mshangao.

Jengo kubwa kuliko yote liliitwa La Grande Maison, nyumba ya magogo ya ghorofa mbili yenye urefu wa futi 84 na upana wa futi 60. Mapokeo ya eneo lile yanashikilia kwamba ilikusudiwa kuwa makao ya malkia Marie Antoinette na watoto wake. Kama nia hiyo ilikuwapo, haikupata nafasi: malkia aliuawa tarehe 16 Oktoba 1793, wakati msitu ndiyo kwanza unafyekwa. Talon ndiye aliyeishi humo, na humo ndimo jumuiya ilimokusanyikia jioni, wakazungumza siasa za Paris kwa barua zilizokuwa na umri wa miezi mitatu.

Duki de La Rochefoucauld-Liancourt alipapitia Azilum mwaka 1795. Alikuwa mtu wa kuchunguza mambo kwa makini. Safari zake za Marekani alikuja kuziandika katika majuzuu 8. Orodha yake ya wakazi inastaajabisha. Monsieur de Blacons, aliyekuwa mbunge kutoka Dauphiné, alikuwa na duka la vitambaa na sindano, na mshirika wake dukani alikuwa padri wa daraja la juu. Kasisi mwingine wa kanisa kuu alikuwa muuza duka. Ofisa wa jeshi la miguu alikuwa mkulima. Palikuwa na shule, kanisa dogo, hata jumba la maonyesho. Palikuwa pia na kinu cha nafaka, kiwanda cha pombe kali, mhunzi, na watu waliochoma miti kupata majivu ya magadi ya kuuza. Duki huyo hakuficha kasoro alizoziona: fedha ilikuwa haba, wakazi hawakupatana, wengi waliwadharau Wamarekani ilhali waliwategemea kwa kila kitu, na hapakuwa na siku iliyopita bila mtu kusema kwamba karibu atarudi Ufaransa.

Kati yao kulikuwa na mmoja ambaye kila mgeni alimsifu, Aristide Aubert du Petit-Thouars, ofisa wa jeshi la majini. Aliuza mali yake apate merikebu ya kumtafuta La Pérouse, msafiri aliyepotea Pasifiki, akakamatwa na Wareno njiani, akapoteza kila kitu, akaishia Azilum. Hapo alichukua shoka akaenda peke yake ndani kabisa ya msitu kufyeka shamba lake. Aliporejea Ufaransa alirudishwa jeshini, na tarehe 1 Agosti 1798 aliongoza merikebu ya Tonnant katika vita vya ghuba ya Abukir, Misri, dhidi ya Nelson, kamanda wa Waingereza. Makombora yalimkata mikono miwili na mguu. Inasimuliwa kwamba aliamuru awekwe ndani ya pipa la pumba aendelee kutoa amri, na humo akafa. Kaskazini mwa Pennsylvania kuna mji mdogo unaoitwa Dushore. Ni jina lake, kama lilivyotamkwa na majirani zake wakulima.

Wako waliokataa kuishi kwa kungoja. Anayejulikana zaidi ni Henriette-Lucy Dillon, mke wa konti aliyekuja kuwa markizi de La Tour du Pin. Bibi huyu, mzaliwa wa 1770, alikuwa amehudumu katika nyumba ya malkia Versailles. Machi 1794 yeye, mumewe na watoto wao wawili walitoroka Bordeaux ndani ya merikebu ndogo ya Kimarekani iliyoitwa Diane, kwa hati za kusafiria alizozipata kwa msaada wa Thérésa Cabarrus, mwanamke aliyekuwa na neno mbele ya wakuu wa Mapinduzi mjini humo. Walifika Boston baada ya miezi miwili ya njaa na dhoruba. Wakati wao wako baharini, baba yake Lucy, jenerali Arthur Dillon, alikatwa kichwa tarehe 13 Aprili, na baba mkwe wake tarehe 28 mwezi uleule.

Walielekea Albany, jimbo la New York, ambako jenerali Philip Schuyler, mkwewe Alexander Hamilton, aliwapokea kama wanawe. Wakanunua shamba karibu na mji wa Troy. Lucy aliuza sehemu ya mavazi yake, akavaa sketi ya sufu ya mistari kama wake wa wakulima jirani, akaamka kabla ya jua kukamua na kusukasuka maziwa. Siagi yake aliichapa kwa muhuri wenye herufi za jina la ukoo, na watu wa Albany waliipenda. Siku moja alikuwa uani na kishoka mkononi akikata paja la kondoo la kuoka, akasikia nyuma yake sauti nzito ya Kifaransa ikimsifu kwa adhama aliyoifanyia kazi hiyo. Alipogeuka alimwona Talleyrand, askofu aliyelihama kanisa na mwanasiasa aliyemfahamu tangu Paris. Ilikuwa wakati wa ziara hiyohiyo ambapo magazeti yaliwafikia kwa Schuyler na habari kwamba Robespierre, mkuu wa Mapinduzi, ameanguka. Talleyrand alifurahi kwamba sasa shemeji yake atasalimika. Kisha wakalikuta jina lake katika orodha ya waliouawa siku za mwisho kabisa.

Kumbukumbu za Lucy, alizoanza kuziandika alipotimiza miaka 50, ni miongoni mwa maandishi mazuri zaidi yaliyotoka katika uhamisho ule, na ndizo zinazotuonyesha pia upande ambao wasimuliaji wengi huupita haraka. Kazi ya shamba haikufanywa na familia ya konti pekee. Sensa ya 1790 ilihesabu watumwa zaidi ya 20,000 katika jimbo la New York, na familia hii, iliyotoka kuponea chupuchupu mikononi mwa wauaji, ilinunua watu. Wa kwanza kijana aliyeitwa Minck, kisha baba yake Prime, mkulima hodari aliyesifika eneo zima, halafu mwanamke aliyeitwa Judith pamoja na mumewe, ambao walikuwa mikononi mwa mabwana wawili tofauti na hawakuweza kuishi pamoja. Lucy anaeleza alivyomshinikiza bwana wa mume huyo hadi akakubali kumuuza. Alijua alichokuwa akikifanya, na aliona aibu yake.

Mwaka 1795 binti yao mdogo, Séraphine, alikufa kwa ugonjwa wa ghafla. Hapakuwa na padri. Baba mwenyewe alimswalia na kumzika karibu na nyumba. Mwaka uliofuata hali ya Ufaransa ilipotulia, mume alitaka kurudi kuokoa mali zao. Lucy hakutaka. Kabla ya kuondoka, walitangaza mbele ya mashahidi kwamba Minck, Prime, Judith na mumewe ni huru, kwa utaratibu ambao sheria ya jimbo iliutaka. Anaandika kwamba siku hiyo ilikuwa kati ya siku za furaha kubwa maishani mwake, na hakuna sababu ya kumshuku. Hata hivyo watu wale wanne walilima, walikamua na kuvuna bila ujira muda wote huo. Habari zao baada ya kuachwa huru hazimo kitabuni.

Philadelphia, mji mkuu wa Marekani kuanzia 1790 hadi 1800, ndiyo iliyokuwa kitovu cha wahamaji wengine. Talleyrand alifika huko mwaka 1794 baada ya kufukuzwa Uingereza, akaapa utii kwa jimbo la Pennsylvania mwezi Mei, akaingia katika ulanguzi wa ardhi na kutafuta fedha kwa njia zote. Rais Washington alikataa kumpokea, asije akaiudhi serikali ya Paris. Jioni alionekana kwenye duka la vitabu la Moreau de Saint-Méry, mwanasheria mzaliwa wa Martinique, pembezoni mwa bandari. Duka hilo lililofunguliwa Desemba 1794 liliuza vitabu, karatasi, ramani, na chemba vifaa vya kuzuia mimba, ambavyo Moreau anasema Wamarekani walivihitaji na kuvionea haya kwa wakati mmoja. Noailles alifika hapo, na msomi Volney, na wengine waliokuwa na hamu ya kuzungumza Kifaransa hadi usiku wa manane. Mjini New York, hakimu Brillat-Savarin, ambaye baadaye angekuwa mwandishi mashuhuri wa mambo ya chakula, alipiga fidla katika okestra ya ukumbi wa maonyesho na kufundisha Kifaransa. Rafiki yake mmoja, kapteni Collet, alipata fedha nyingi kwa kuwauzia akina mama wa mji huo aiskrimu.

Marekani iliwapokea kwa ukarimu, na ikaweka sharti. Katiba ilikuwa imekwisha kuikataza serikali kutoa vyeo vya kikabaila. Sheria ya uraia ya tarehe 29 Januari 1795 ikaongeza kwamba mgeni yeyote mwenye cheo cha kurithi, akitaka kuwa raia, akikane waziwazi mbele ya mahakama. Kwa watu waliozoea kwamba cheo kimo ndani ya damu, sharti hilo lilikuwa na uzito, na wengi waliona afadhali kubaki wageni.

Hapa ndipo inapobidi kuitazama bahari ya kusini. Wahamaji wengi waliozungumza Kifaransa nchini Marekani miaka hiyo hawakutoka Ufaransa; walitoka Saint-Domingue, koloni ambalo leo ni Haiti. Koloni hilo lilikuwa na watumwa karibu nusu milioni, nalo ndilo lililojaza sukari na kahawa mezani pa Ulaya. Koo kubwa za Ufaransa zilimiliki mashamba huko bila kuyaona, au ziliozesha vijana wao kwa mabinti wa wenye mashamba ili kuziba madeni. Agosti 1791 watumwa wa uwanda wa kaskazini walianzisha uasi. Juni 1793 mji wa Cap-Français uliteketea, na mwezi uliofuata merikebu zipatazo 50 ziliingia Baltimore na wakimbizi kama 1,500. Karibu theluthi moja walikuwa watu weusi na machotara, wengi wao watumwa.

Pwani ya Afrika Mashariki imo katika habari hii. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi walipelekwa visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion, lakini katika miaka ya 1780 merikebu za Kifaransa zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuwafikisha watu wa pwani yetu hadi Saint-Domingue, ambako waliitwa kwa jumla "Wamozambiki". Moreau de Saint-Méry anawataja katika kitabu chake kikubwa kuhusu koloni hilo, kilichochapishwa kwenye duka lake Philadelphia kuanzia 1797. Mtu huyu aliyepoteza kila kitu kwa Mapinduzi alibaki mtetezi wa utumwa.

Waliofika Pennsylvania na watumwa walikuta sheria ya 1780, iliyosema kwamba mtumwa aliyeletwa na mgeni akikaa jimboni zaidi ya miezi 6 huwa huru. Wenye mashamba kutoka Saint-Domingue waliliomba bunge la jimbo liwasamehe sheria hiyo. Mwaka 1793 bunge likakataa. Wakatumia mwanya uliobaki: walimwacha huru mtumwa kijana kwenye karatasi, kisha wakamfunga kwa mkataba wa kazi hadi atimize miaka 28. New York haikuwa na sheria kama hiyo. Huko aliishi Pierre Toussaint, aliyeletwa kutoka Saint-Domingue mwaka 1787 na bwana wake Jean Bérard. Bwana alirudi kisiwani akafia huko, shamba likapotea, na mjane akabaki bila senti. Toussaint alikuwa amejifunza ususi wa nywele, na wake za matajiri wa New York walimgombania. Kwa kipato chake akamlisha mjane yule na nyumba yake nzima kwa miaka mingi, angali mtumwa kisheria. Aliachwa huru mwaka 1807. Alipofariki mwaka 1853 alikuwa amesaidia yatima na wagonjwa wasiohesabika, na leo mwili wake umezikwa chini ya kanisa kuu la Mtakatifu Patrick.

Katika uhamisho huo wote hapana tukio linaloonyesha wazi zaidi umbali uliokuwapo kati ya aliyepoteza cheo na aliyenyimwa uhuru kuliko ziara ya Aprili 1797 huko Mount Vernon, shambani kwa Washington. Mgeni alikuwa Louis-Philippe, duki wa Orléans, kijana ambaye baba yake aliuawa kwa gilotini na ambaye mwenyewe angekuja kuwa mfalme wa Ufaransa mwaka 1830. Wiki chache kabla, Hercules, mpishi mashuhuri wa Washington, alikuwa ametoroka. Mtumishi wa duki alimwendea bintiye Hercules, mtoto mdogo, akamwuliza kama hana huzuni kwamba hatamwona tena baba yake. Mtoto akajibu kwamba anafurahi sana, kwa kuwa sasa baba yake yuko huru. Louis-Philippe aliliandika jibu hilo katika shajara yake, kisha akaendelea na safari, akazuru hata Azilum.

Alichokikuta Azilum ni mji uliokwisha kuanza kufifia. Ulanguzi wa ardhi ulikuwa umeanguka, Nicholson na Morris walifilisika, na Morris akafungwa jela ya wadaiwa kuanzia 1798 hadi 1801. Mwaka 1802 Napoleon alitoa msamaha kwa wahamaji, na walio wengi wakafunga mizigo. Wachache walihamia Charleston na New Orleans. Familia za Laporte na Homet zilibaki, zikaoana na majirani, zikawa za wakulima Wamarekani. John Laporte, aliyezaliwa hapohapo, alikuja kuwa spika wa bunge la Pennsylvania na mbunge wa taifa. Nyumba iliyojengwa na ukoo wake mwaka 1836 bado imesimama, ila La Grande Maison haipo.

Noailles hakurudi kulima wala kuuza viwanja. Mkewe, mama mkwe wake na bibi wa mkewe waliuawa siku moja, tarehe 22 Julai 1794, siku 5 tu kabla Robespierre hajapinduliwa. Alifanya biashara Philadelphia, akatajirika, kisha akajiunga tena na jeshi la Ufaransa, safari hii kule Saint-Domingue, ambako Napoleon alikuwa ametuma askari kuwarudisha chini watu waliojikomboa. Aliilinda ngome ya Môle-Saint-Nicolas hadi Desemba 1803, akawaponyoka Waingereza usiku kwa merikebu, akajeruhiwa katika mapigano baharini, akafia Havana Januari 1804. Haitoshi kusema kwamba alikufa kishujaa. Mtu aliyeidai haki ya mkulima wa Kifaransa mwaka 1789 aliutoa uhai wake katika vita vya kumnyima Mwafrika haki hiyohiyo, na mwezi huohuo wa Januari Haiti ilitangaza uhuru.

Familia moja ilichukua njia ya peke yake. Pierre Samuel du Pont, mwanauchumi, mtoto wa mtengeneza saa, alipewa ukabaila na Louis XVI kwa utumishi wake serikalini. Alifika Newport, Rhode Island, mwanzoni mwa Januari 1800 na ukoo wake wote, baada ya kuwa baharini zaidi ya siku 90. Alikuwa na ndoto ya koloni kubwa la wakulima, haikutimia. Aliyeokoa ukoo ni mwanawe Éleuthère Irénée, ambaye ujanani alifundishwa utengenezaji wa baruti na Antoine Lavoisier, mwanakemia aliyeuawa mwaka 1794. Irénée aliona baruti ya Marekani ni duni na ghali. Mwaka 1802 alinunua ardhi kando ya kijito cha Brandywine, Delaware, penye maporomoko ya kuendesha vinu na miti mizuri kwa mkaa. Majengo yake yalikuwa na kuta tatu nene za mawe, na ukuta wa nne mwepesi uliotazama maji, ili mlipuko ukitokea uelekee mtoni. Baruti ya kwanza iliuzwa mwaka 1804. Machi 1818 vinu vililipuka, vikaua wafanyakazi zaidi ya 30, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland. Irénée aliwapa wajane malipo na nyumba, kisha akajenga upya. Kabla ya karne kuisha ukoo wake ulikuwa miongoni mwa koo tajiri kabisa Marekani, wakioana binamu kwa binamu na kujijengea majumba yenye bustani za Kifaransa.

Waliorudi Ufaransa walisubiri hadi 1825 kulipwa. Tarehe 27 Aprili mwaka huo, mfalme Charles X, ambaye mwenyewe alikuwa mhamaji, alitia saini sheria ya fidia kwa waliotaifishiwa mali wakati wa Mapinduzi, ambayo watu waliiita bilioni ya wahamaji. Duki wa Orléans, yule mgeni wa Mount Vernon, alikuwa miongoni mwa waliopata fungu kubwa. Lafayette naye alipata lake. Siku 10 kabla, tarehe 17 Aprili, mfalme huyohuyo alikuwa ametoa amri nyingine: Haiti itatambuliwa kuwa nchi huru kwa masharti kwamba iwalipe waliokuwa wenye mashamba faranga milioni 150, na manowari zilipelekwa Port-au-Prince kuifikisha amri hiyo. Mwaka 1838 kiasi hicho kilipunguzwa kuwa jumla ya milioni 90. Haiti ilikopa kwenye benki za Paris ili ilipe, na mikopo iliyozaliwa na amri hiyo ilimalizika kulipwa mwaka 1947.